Maneno ya fedha, uwekezaji na bima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa sababu yanarudi yale yale: yanaulizwa na anayekopa mara ya kwanza, na aliyenunua hisa jana, na pia mtu wa miaka ishirini katika bima ambaye hajawahi kusoma mkataba wake hadi mwisho. Mifano imetumia tarakimu tupu. Weka sarafu yako mwenyewe. Ukikwama kwenye neno lolote, jiulize: mambo yakienda mrama, hasara inamwangukia nani? Sehemu kubwa ya msamiati huu ulibuniwa kujibu swali hilo.

## Misingi

1. Mali, deni na mtaji vinatofautianaje?

Mali ni unachomiliki chenye thamani ya kuuzika. Deni ni unachowiwa na wengine. Toa madeni kwenye mali, kinachobaki ndicho thamani yako halisi. Mwenye nyumba ya milioni 80 anayodaiwa milioni 70 ana thamani halisi ya milioni 10, hata kama mageti yake yanang'aa kuliko ya jirani asiyedaiwa na mtu.

Mtaji ni ile sehemu ya mali uliyoituma kazini izalishe. Fedha iliyolala kabatini ni mali, lakini bado haijawa mtaji.

2. Mapato na faida si kitu kimoja?

Hapana. Mapato ni yote yaliyoingia, faida ni kilichobaki baada ya kutoa gharama. Biashara inaweza kuwa na mapato makubwa na ikafa kwa hasara. Mtu akikutangazia mapato, muulize gharama.

3. Ukwasi ni utajiri?

Katika Kiswahili cha kale, ndiyo: mkwasi ni tajiri. Wataalamu wa fedha walilichukua neno hilo wakalipa kazi nyingine, na mkanganyiko ukaanzia hapo. Siku hizi katika benki na masoko, ukwasi ni urahisi wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu haraka bila kuitupa kwa bei ya hasara. Salio la akaunti ya kawaida lina ukwasi mkubwa. Shamba lina ukwasi mdogo, kwa sababu mnunuzi anaweza kuchukua miezi kupatikana na akija huku una shida ataisoma shida hiyo usoni mwako.

Kwa hiyo unaweza kuwa tajiri usiye na ukwasi. Watu wengi huuza mali nzuri kwa bei mbaya kwa sababu hiyo tu: mali walikuwa nayo, walichokosa ni fedha ya wiki ile.

4. Benki inanipa riba. Mfumuko wa bei unanihusu nini?

Unakuhusu kwa sababu huhifadhi fedha kwa ajili ya namba zake, unaihifadhi kwa ajili ya vitu itakavyonunua. Ukipata riba ya asilimia 6 kwa mwaka na bei za vitu zikapanda kwa asilimia 8, salio lako limekua lakini uwezo wako wa kununua umepungua kwa karibu asilimia 2. Riba iliyoandikwa kwenye karatasi huitwa riba ya jina. Ukishaondoa mfumuko, unabaki na riba halisi, nayo inaweza kuwa chini ya sifuri.

Mfano uliokithiri ni Ujerumani ya Novemba 1923, ambapo dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2. Hakuna mwizi aliyeingia benki. Akiba za watu zilikuwepo zote, tarakimu kwa tarakimu, na hazikununua kitu.

5. "Riba imepanda asilimia 2" au "pointi 2 za asilimia"?

Riba ikitoka 8 kwenda 10 kwa mia, imepanda pointi 2 za asilimia, na pia imepanda kwa asilimia 25, kwa sababu 2 ni robo ya 8. Yote mawili ni kweli. Anayetaka kukutisha atachagua 25, anayetaka kukutuliza atachagua 2.

## Riba na mikopo

6. Riba juu ya riba inafanyaje kazi?

Mwaka wa kwanza unapata riba kwa fedha uliyoweka. Mwaka wa pili unapata riba kwa fedha hiyo pamoja na riba ya mwaka uliopita, na kuendelea hivyo. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba chenyewe nacho kinazaa.

Kuna hesabu ya kichwani iliyokuwa ikijulikana tangu zama za Luca Pacioli, Mwitaliano aliyeiandika mwaka 1494: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, utapata takriban miaka ambayo fedha itachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa asilimia 12 ni miaka 6.

Hesabu hiyo hiyo haijali uko upande gani wa meza. Deni la asilimia 36 kwa mwaka lisilolipwa huongezeka maradufu kwa miaka miwili tu au zaidi kidogo. Na jihadhari na riba inayotajwa kwa mwezi: asilimia 5 kwa mwezi si 60 kwa mwaka, bali karibu 80 ikiwa riba inaongezwa kwenye deni kila mwezi.

7. Tumekopa kiasi kimoja kwa asilimia 12 wote wawili. Kwa nini mwenzangu analipa kidogo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote humu, kwa sababu jibu lake huwashangaza hata watu wa hesabu. Tuseme kila mmoja amekopa 1,200,000 kwa mwaka mmoja, kwa marejesho ya kila mwezi.

Mkopo wa kwanza unatoza riba kwa mkopo mzima tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Asilimia 12 ya 1,200,000 ni 144,000. Jumla 1,344,000, gawanya kwa 12, unalipa 112,000 kila mwezi. Mkopo wa pili unatoza riba kwa salio linalopungua: kila ukilipa, deni linashuka, na riba ya mwezi unaofuata inapigwa kwa kilichobaki. Hapo utalipa takriban 106,600 kwa mwezi, na riba yote kwa mwaka haitafika 80,000.

Kosa la mkopo wa kwanza ni kwamba unaendelea kulipia riba ya fedha uliyokwisha kuirudisha. Mwezi wa kumi na mbili unadaiwa kama laki moja hivi, lakini unatozwa riba kana kwamba bado una milioni na laki mbili mfukoni. Ukiubadilisha mkopo huo uingie katika lugha ya salio linalopungua, asilimia yake ya kweli ni kama 21.

Swali la kumuuliza ofisa mikopo halihitaji ujuzi: "Riba hii inapigwa kwa mkopo wote au kwa salio?" Kisha la pili: "Nikijumlisha riba, ada ya maombi, bima ya mkopo na kila kitu, nitarudisha jumla ngapi?" Kulinganisha jumla na jumla, kwa muda ule ule, kunamaliza mabishano ya asilimia.

8. Neno "dhamana" lina maana ngapi?

Tatu angalau, na mikataba huzitumia zote bila huruma.

Ya kwanza ni mali unayoiweka rehani ili mkopeshaji aichukue na kuiuza ukishindwa kulipa: nyumba, gari, mashine. Ya pili ni ahadi ya mtu mwingine kwamba atalipa wewe usipolipa. Huyo ni mdhamini (tazama swali la 9). Ya tatu ni hati ya deni, hasa katika msemo "dhamana za serikali", yaani hati ambazo serikali inatoa inapokopa kwa umma. Hii ya tatu ni uwekezaji, haina uhusiano na kuweka nyumba yako hatarini, ingawa mtu aliyewahi kunyang'anywa nyumba akisikia "nunua dhamana" huruka kama aliyekanyaga nyoka.

Ukikuta neno hili, angalia nani anadaiwa. Katika maana mbili za kwanza, hasara inakuelekea wewe au mdhamini wako. Katika ya tatu, wewe ndiye mdai.

9. Nikimdhamini mtu, nimejiingiza katika nini hasa?

Umejiingiza katika deni. Wengi hudhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema, mtu anayesema "namfahamu huyu". Mkataba hausemi hivyo. Mara nyingi unasema mdhamini anawajibika kwa deni lote, pamoja na riba na gharama za kulidai, na mikataba mingi humruhusu mkopeshaji kukufuata wewe hata kabla hajammaliza mkopaji. Deni hilo linaweza pia kuhesabiwa utakapoomba mkopo wako mwenyewe.

Ukitaka kusaidia, dai ukomo uandikwe: kiasi cha juu na tarehe ya mwisho. Ukishindwa kuvipata, basi chukua mkopo huo akilini mwako kama wako, kisha ujiulize kama ungeukopa.

## Hisa, hatifungani na mifuko

10. Hisa na hatifungani: tofauti yake kwa lugha ya kawaida?

Ukinunua hisa umekuwa mmoja wa wenye kampuni. Neno lenyewe, kutoka Kiarabu, ni fungu. Ukinunua hatifungani, ambayo wengine huiita bondi, umeikopesha kampuni au serikali kwa muda maalum na kwa riba iliyokubaliwa, ambayo hulipwa kwa vipindi na huitwa kuponi. Hati ikiiva unarudishiwa fedha yako ya msingi.

Mwenye hisa hana ahadi ya kulipwa chochote, lakini kampuni ikinawiri hana kikomo cha kufaidi. Mwenye hatifungani ana ahadi, na ahadi hiyo ndiyo dari yake. Kampuni ikifilisika, foleni ya kulipwa huwa hivi: wadai wenye mali iliyowekwa rehani, kisha wadai wengine wakiwemo wenye hatifungani zisizo na rehani, na mwisho kabisa wenye hisa. Mara nyingi foleni inamaliza chungu kabla ya kuwafikia.

Ahueni ya mwenye hisa ni dhima yenye kikomo: wadai wa kampuni hawawezi kuja kuchukua samani zako. Unapoteza ulichoweka, basi. Wazo hili la kugawa hasara ya shughuli kubwa kwa watu wengi, kila mmoja na fungu lake linalouzika, lilishika kasi Amsterdam baada ya 1602, Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ilipouza hisa zake kwa umma.

11. Kampuni imepata faida. Mbona sijapata gawio?

Kwa sababu faida si gawio. Gawio, au mgao, ni sehemu ya faida ambayo wakurugenzi wamependekeza igawiwe, na kwa kawaida wanahisa huipitisha mkutanoni. Iliyobaki hurudishwa kwenye biashara. Kampuni changa zinazokua zinaweza kupitisha miaka bila kutoa gawio, na huo unaweza kuwa uamuzi wa busara.

Angalia pia tarehe. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa, na soko huweka siku ambayo hisa inaanza kuuzwa bila haki ya gawio lile. Ukinunua siku hiyo au baada yake, gawio ni la aliyekuuzia. Wala usidhani umeibiwa, kwa kuwa bei ya hisa kwa kawaida hushuka siku hiyo kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe.

12. Hatifungani yangu ni ya riba isiyobadilika. Mbona bei yake inabadilika?

Kuponi haibadiliki, ndiyo maana bei inalazimika kubadilika.

Chukua hatifungani ya 1,000,000 yenye kuponi ya asilimia 10, imebakiza mwaka mmoja. Mwishoni italipa 1,100,000. Leo riba sokoni imepanda hadi 12. Nani atakupa milioni moja kamili kwa hati yako, ilhali akienda kwingine milioni hiyo itamletea 120,000? Atakubali tu ukimshushia bei hadi kama 982,000, kwa sababu kutoka hapo kufika 1,100,000 ni ongezeko la asilimia 12. Riba ya soko ikishuka, mambo hugeuka na hati yako inauzwa kwa zaidi ya thamani yake ya usoni, yaani ile milioni moja iliyoandikwa juu yake.

Kadiri muda wa kuiva ulivyo mrefu, ndivyo bei inavyotikisika zaidi. Ukishikilia hadi iive na aliyekopa akalipa, utapata ulichoahidiwa, na mtikisiko wa katikati utakuwa umekupita kando. Anayeumia ni aliyelazimika kuuza kabla (tena swali la 3).

13. Vipande vya mfuko wa pamoja ni hisa?

Si hisa za kampuni moja. Watu wengi huchanga fedha, meneja wa mfuko huzinunulia hisa, hatifungani au amana za benki, na kila mchangiaji hupewa vipande kulingana na alichoweka. Bei ya kipande hupatikana kwa kuchukua thamani ya vyote vilivyomo mfukoni, kutoa madeni ya mfuko, na kugawanya kwa idadi ya vipande.

Jambo linalopuuzwa ni ada. Meneja hukata asilimia fulani kila mwaka, mfuko ukipanda au ukishuka. Asilimia 2 inasikika kama chenji. Lakini milioni moja ikikua kwa asilimia 7 kwa miaka 30 inafika karibu milioni 7.6, ikikua kwa 5, kwa sababu mbili zimekatwa, inafika milioni 4.3. Hiyo chenji imekula zaidi ya milioni tatu, kwa nguvu ile ile ya swali la 6. Ni hoja hii iliyomfanya John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, mwaka 1976, kuwafungulia wawekezaji wa kawaida mfuko wa fahirisi: mfuko usiojaribu kuchagua hisa bora, unaonunua tu orodha nzima ya soko kwa ada ndogo.

14. Hisa ya bei ndogo ni rahisi kuliko ya bei kubwa?

Hapana. Keki iliyokatwa vipande elfu ina vipande vidogo kuliko iliyokatwa kumi. Haikuambii keki ina ukubwa gani. Zidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa zote, upate mtaji wa soko, ndipo ulinganishe na faida ya kampuni. Kampuni ikiigawa hisa moja ya 9,000 kuwa tatu za 3,000, hujatajirika wala kufilisika.

15. Soko likianguka si hurudi tu?

Mara nyingi, lakini ulizeni Wajapani. Fahirisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa katika soko la Tokyo, ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukivuka tena hadi Februari 2024. Miaka 34. Aliyenunua akiwa na miaka 40 alisubiri hadi 74, ingawa magawio aliyopata njiani yalipunguza machungu.

Kumbuka pia hesabu ya kupanda na kushuka. Ukipoteza asilimia 50, huhitaji faida ya 50 kurudi ulipokuwa, unahitaji 100. Ndiyo maana washauri husisitiza kutawanya uwekezaji: kampuni tofauti, sekta tofauti, nchi tofauti, aina tofauti za mali. Kumiliki hisa za benki tano si kutawanya. Zikikohoa, zitakohoa pamoja.

16. Nimeahidiwa faida kubwa ya uhakika kila mwezi. Kuna shida?

Kuna shida katika maneno mawili yaliyokaa pamoja, "kubwa" na "uhakika". Faida kubwa ni malipo ya kubeba hatari. Hatari isipokuwepo, hakuna sababu ya mtu kukulipa.

Charles Ponzi, huko Boston mwaka 1920, aliahidi asilimia 50 kwa siku 45. Alisema anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa, yaani vocha za kubadilishwa na stempu, si kuponi za hatifungani. Kwa kweli aliwalipa wa zamani kwa fedha za wapya, na ilipofika wapya hawatoshi, kila kitu kikaanguka. Bernard Madoff, aliyekamatwa New York Desemba 2008, alikuwa mjanja zaidi: hakuahidi makubwa, aliahidi ya wastani yasiyoyumba, mwaka baada ya mwaka. Hata hilo lilipaswa kuwashtua watu, kwani soko halisi lina miezi mibaya.

Kulipwa mara mbili au tatu si ushahidi kwamba mpango ni wa kweli. Mipango hii hulipa mwanzoni kwa makusudi, ili wewe uwe tangazo.

## Bima

17. Nimelipia bima miaka kumi bila ajali. Fedha yangu imepotea?

Haikupotea. Ulinunua kitu na ulikitumia: kwa miaka kumi hasara kubwa ilikuwa na mtu mwingine wa kuibeba. Bima si akiba. Ada za wengi hulipa hasara za wachache, na wewe ulikuwa kwenye kundi lenye bahati. Hata neno bima, lililotufikia kwa njia ya lugha za India, asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Unachouziwa ni kupunguziwa hofu.

Zipo bima za maisha zenye sehemu ya akiba ndani yake. Hizo ni bidhaa mbili zilizofungwa pamoja (swali la 26).

18. Ada ya bima hupangwaje?

Kwa kukadiria mambo mawili: uwezekano wa tukio, na ukubwa wa hasara likitokea. Juu yake huongezwa gharama za kampuni na faida yake. Kampuni haijui nani atakufa mwaka huu, lakini katika kundi kubwa inaweza kujua ni wangapi. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alitengeneza mwaka 1693 jedwali la vifo kutokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, akaonyesha jinsi ya kukokotoa malipo ya maisha kwa umri. Taaluma nzima ya watakwimu wa bima imesimama juu ya kazi za namna hiyo.

19. Wakala na dalali wa bima ni mmoja?

La. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima. Dalali anapaswa kukuwakilisha wewe, akilinganisha kampuni mbalimbali, ingawa kamisheni yake mara nyingi hutoka kwa kampuni utakayoichagua. Baada ya hasara utakutana na mtu wa tatu, mpima hasara, ambaye kwa kawaida ameletwa na kampuni. Kuwa naye mkweli, lakini usimchukulie kama wakili wako.

20. Bima kubwa na bima ndogo ya gari?

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako mwenyewe halimo. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni uliyemgonga. Bima kubwa huongeza gari lako, kwa ajali, moto na wizi, kulingana na mkataba. Nchi nyingi hulazimisha ile ndogo tu, kwa sababu sheria inamlinda anayegongwa.

21. Kampuni imekubali madai yangu lakini imelipa kidogo. Kwa nini?

Sababu huwa nne, na zinaweza kukutana zote katika dai moja.

Kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema utabeba mwenyewe. Ikiwa ni 1 kati ya hasara ya 5, utalipwa 4. Kuibeba sehemu kubwa zaidi hushusha ada. Kuna ukomo, kiasi cha juu ambacho kampuni haitakivuka. Kuna uchakavu: kitu cha miaka saba hulipwa kama kitu cha miaka saba, isipokuwa mkataba uahidi kipya kwa cha zamani.

Ya nne ndiyo inayowachoma watu. Nyumba ina thamani ya milioni 100, mwenyewe akaikatia bima ya milioni 60 ili kupunguza ada. Moto ukateketeza sehemu, hasara milioni 20. Anasema: 20 iko ndani ya 60, nilipeni yote. Kampuni inajibu: ulitulipa ada ya asilimia 60 ya nyumba, nasi tunabeba asilimia 60 ya hasara, milioni 12. Kipengele hiki kipo katika mikataba mingi ya mali. Kinyume chake hakisaidii pia: ukikatia nyumba hiyo bima ya milioni 150, ikiteketea yote utalipwa thamani yake, milioni 100, na ada ya ziada umeitoa sadaka. Kwa hiyo thamani iliyoandikwa kwenye hati ipitie kila mwaka, maana gharama za ujenzi hupanda wakati hati imelala kwenye faili.

22. Nilisahau kutaja ugonjwa wa zamani kwenye fomu. Ni tatizo?

Linaweza kuwa kubwa. Mkataba wa bima umejengwa juu ya nia njema kupita mikataba ya kawaida, kwa sababu upande mmoja unajua mengi na mwingine unategemea kuambiwa. Kanuni hii ilielezwa na Jaji Mansfield wa Uingereza katika kesi ya Carter na Boehm mwaka 1766, naye alikumbusha kwamba inazifunga pande zote mbili, kampuni pia.

Sheria za leo hutofautiana: nyingine hutenganisha kusahau na kuficha, nyingine huipa kampuni muda maalum wa kuhoji. Usisubiri dai. Ukikumbuka leo, andika leo na utunze nakala. Na fomu ikijazwa na wakala kwa niaba yako, isome kabla ya kutia sahihi, kwa maana majibu yale ni yako.

23. Naweza kukata bima mbili kwa kitu kimoja nikalipwa mara mbili?

Kwa mali, hapana. Fidia inakusudia kukurudisha ulipokuwa, isikuache ukitajirika kwa ajali. Kampuni mbili zitagawana hasara moja. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishafidiwa, kampuni inachukua nafasi yako na inaweza kumdai aliyekusababishia hasara. Usisamehe mtu kwa maandishi kabla ya kuongea nayo.

Bima ya maisha ni tofauti, kwani uhai hauna bei ya soko. Mikataba miwili italipa yote miwili, mradi kila fomu ilijazwa kwa ukweli.

24. Naweza kumkatia jirani yangu bima ya maisha?

Si bila maslahi ya kibima, yaani uwe mtu atakayepata hasara ya kweli jirani huyo akifa. Mwenzi wa ndoa anayo, mshirika wa biashara au mkopeshaji wako anaweza kuwa nayo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1774 kwa sababu watu walikuwa wakikamari juu ya uhai wa wasiowahusu. Ubaya wake hauhitaji maelezo marefu: mwenye tiketi ya kifo chako asiwe mtu asiyekuhitaji hai.

25. Mnufaika na mrithi wakigongana, nani anachukua?

Mara nyingi fedha ya bima ya maisha hulipwa moja kwa moja kwa mnufaika aliyetajwa kwenye hati, bila kupitia mirathi, hata kama wosia unasema vingine. Lakini zipo sheria zinazomchukulia aliyetajwa kama mpokeaji tu kwa niaba ya warithi, kwa hiyo uliza sheria inayokuhusu. Kosa la kawaida ni hati kubaki na jina la mwenzi wa zamani, au la mzazi aliyekwisha kufariki. Kubadilisha jina ni fomu moja.

26. Nikivunja mkataba wa bima ya maisha yenye akiba mapema, nitarudishiwa nilichochangia?

Kwa kawaida pungufu, na miaka ya mwanzo unaweza usirudishiwe kitu. Michango ya mwanzo humezwa na kamisheni ya aliyekuuzia, gharama za kufungua mkataba na gharama ya bima yenyewe. Mkataba huwa na jedwali la kiasi cha kurudishiwa mwaka kwa mwaka. Liombe kabla ya kusaini, uangalie mwaka wa tatu na wa tano, kwa sababu hiyo ndiyo miaka ambayo watu huishiwa.

Kama tatizo ni ada tu, kuvunja si njia pekee. Mikataba mingi inaruhusu kusimamisha michango na kubaki na bima ndogo iliyokwisha kulipiwa, au kukopa dhidi ya akiba iliyomo. Mkopo huo nao una riba, na usipolipwa hukatwa kwenye fedha ya mnufaika (rudi swali la 6).

27. Kampuni ya bima nayo hukatiwa bima?

Ndiyo, na inaitwa bima mtawanyo. Kampuni huhamishia sehemu ya hatari zake kwa kampuni nyingine, mara nyingi ya nchi nyingine, ili kimbunga kimoja kisiifilisi. Haibadilishi mkataba wako: unayemdai ni kampuni uliyosaini nayo, hata iseme inasubiri fedha kutoka kwa mtawanyo.

28. Dini yangu hairuhusu riba. Nina njia gani?

Kuna sukuk, hati zinazompa mwekezaji fungu katika mali au mradi, naye analipwa kutokana na kodi ya pango au mapato mengine ya mali hiyo badala ya riba ya mkopo. Kwa bima kuna takaful: washiriki wanachangia mfuko wa kusaidiana, kampuni inausimamia kwa ada au kwa fungu la faida, na ziada inaweza kurudi kwa washiriki. Mfuko ukipungukiwa, msimamizi kwa kawaida huukopesha bila riba, na deni hilo hulipwa na ziada za baadaye. Maswali ya 21 hadi 25 yaulize huko pia, kwa sababu ukomo, uchakavu na fomu iliyojazwa vibaya havibagui.